Mafunzo ya tiba ya mkono yaje Tanga, yasiishie hotelini

Mhariri, salamu kutoka Tanga. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, najua hii ni ndefu ila tafadhali usiikate sana, manake ni jambo ambalo naona haliandikwi kabisa magazetini na huku kwetu watu wanaoumia kwa ajili yake ni wengi.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, mtaani wanatuita madaktari wa mazoezi, na sehemu kubwa ya wagonjwa wanaokaa mbele ya meza yangu wamekuja kwa ajili ya mkono. Mkoa huu watu wanakula kwa nguvu za mikono yao. Kuna mashamba ya mkonge Muheza, Korogwe mpaka Mkinga, kuna viwanda, kuna wavuvi, kuna maseremala wa Ngamiani, bodaboda ndo usiseme. Korona, yani ile mashine ya kuchambua jani la mkonge ibaki singa, ikikamata glavu imekamata na vidole. Panga la kukatia majani likiteleza linaishia kiganjani. Dereva wa boda akianguka anatanguliza mkono, kifundo kinavunjika, na akitua kwa bega zile neva zinazotoka shingoni zinaweza kuchanika mkono mzima ukabaki unaning'inia.

Sasa siku hizi, tuseme ukweli, upasuaji umesogea. Madaktari wa mifupa mikoani wapo kuliko zamani, eksirei ipo, thieta ipo, mtu anashonwa mkono wake hapahapa bila kupelekwa Muhimbili. Shida inaanza siku ya pili baada ya mshono, na kuanzia hapo mkono ni wetu sisi watu wa mazoezi, na sisi tukishatoka chuoni hakuna anayetufundisha tena mkono. Tunafundishwa vitu vingine, sawa, nashukuru, ila mkono hapana. Hapo ndo ninapotaka serikali, waajiri na mabaraza yanayosimamia taaluma zetu wanisikilize.

Nieleze kidogo ili msomaji asiyekuwa wa hospitali aelewe kwa nini napiga kelele. Kila kidole, ukiacha gumba, kinakunjwa na kano mbili zinazotoka kwenye misuli ya mkono wa chini, zinapita pamoja kwenye mfereji mmoja mwembamba mno ndani ya kidole. Kano ikikatwa humo ndani na daktari akaishona, mwili unaanza kuponya, na mwili hauchagui, unatengeneza kovu kila mahali, kano inagandana na mfereji wake na kidole hakikunji tena hata kama mshono ni mzuri namna gani. Ili isigande inabidi iwe inateleza mapema. Lakini ukiichezesha kwa nguvu mapema inakatika, kwa sababu kuanzia kama siku ya 5 mpaka wiki ya 3 mshono unakuwa dhaifu kuliko hata ulivyotoka thieta. Kwa hiyo mtaalamu anatembea kwenye njia nyembamba sana, akimwacha mgonjwa atulie kidole kinakakamaa, akimharakisha kano inakatika, na nguvu kamili ya kubeba mizigo hairuhusiwi mpaka kama wiki ya 12.

Nimewahi kumpokea kijana wa shambani, mkata mkonge, ameshonwa kidole cha kati na cha pete. Kituo alichoanzia walimwambia asiguse kitu mpaka apone kabisa, akatii, akakaa na bandeji na hogo, yani plasta ngumu ya kufungia mfupa, wiki 6 mkono uko kifuani. Alipofika kwangu nilimwambia kunja, akakunja kifundo cha mkono, akakunja kiwiko, uso umemjaa jasho, vidole viwili vimenyooka vilevile. Akaniuliza, dokta si wameshashona? Wameshona, na wameshona vizuri. Na baada yake akaja mwingine, huyu aliambiwa kinyume chake, nenda kanunue mpira uwe unaminya, akaminya wiki ya pili kwa bidii zote kama alivyoambiwa, siku moja akasikia kitu kimelia ndani ya kiganja na kidole kikalegea hapohapo. Huo ushauri wa mpira kila mtu Tanga anao, nesi anao, muuza duka la dawa anao, na wenzangu baadhi wanao. Kwa mtu aliyetoka kushonwa kano ya kukunjia kidole, mpira ni hatari.

Hawa wawili hawakukosea kitu, walifuata walichoambiwa. Na waliowaambia sio wavivu wala sio wakatili, walisema walichofundishwa zamani au walichosikia kwa aliyewatangulia kazini.

Na tiba yenyewe ya kano imebadilika mara nyingi. Daktari Sterling Bunnell wa Marekani, ambaye wengi wanamwita baba wa upasuaji wa mkono, sehemu ile ya kuanzia mkunjo wa kiganja mpaka katikati ya kidole aliona ni bora usishone kabisa siku ya ajali, uje uweke kano nyingine baadae, kwa vile matokeo yalikuwa mabaya mno. Miaka ya 1960 daktari Harold Kleinert na wenzake kule Louisville, Marekani, wakaanza kushona palepale afu wanafunga mpira mwembamba kwenye ukucha, mgonjwa ananyoosha mwenyewe na mpira unakikunja kidole kwa niaba yake. Mwaka 1975 akaja daktari Duran na njia ya kukikunja na kukinyoosha kidole taratibu kwa mkono wa pili. Na sasa hivi kano ikishonwa kwa nyuzi 4 au zaidi zinazovuka pale ilipokatika, mgonjwa anaanza kukunja mwenyewe, nusu ngumi tu, siku ya 3 mpaka ya 5. Umeona tofauti? Mtaalamu aliyemaliza chuo zamani afu hakupata mafunzo mengine yuko kwenye mojawapo ya hatua hizo za nyuma, na mgonjwa wake yuko naye hukohuko.

Halafu kuna jambo ambalo hata watu wa afya wengi hawalijui, njia utakayotumia inategemea mshono wenyewe. Nyuzi 2 sio sawa na nyuzi 4. Mimi nikipokea karatasi ya rufaa imeandikwa neno moja, "mazoezi", najua vipi? Najikuta nampigia simu daktari, hapokei, yuko thieta, nachagua njia ya uoga ili nisikate kazi ya mtu, na mgonjwa anapoteza wiki mbili za thamani kuliko zote.

Nisizungumzie kano peke yake. Kuna neva, ambayo ikishonwa inaota kama milimita 1 kwa siku, ukikatwa karibu na kiwiko ni zaidi ya mwaka kabla haijafika ncha ya kidole, na mwaka mzima huo mtu inabidi alindwe viungo visikakamae na afundishwe asiungue maana hasikii joto, anashika sufuria hajui. Kuna mtoto aliyemwagikiwa uji wa moto mgongo wa mkono, ukimwacha alale na mkono vile anavyojisikia vizuri, kifundo kimeinama na vidole vimejikunja kivyake, anaamka mkono umekakamaa kama makucha. Anatakiwa afungwe kifundo kimeinuka kidogo, mkono umekunjwa pale kwenye vifundo vikubwa vya ngumi, vidole vyenyewe vimenyooka. Ni kazi ya dakika chache kwa anayejua. Kuna kiwiko kilichovunjika ambacho kinapelekwa kuchuliwa kwa nguvu, mafuta na maji ya moto, mpaka ndani ya msuli unaota mfupa, na hapo sitawalaumu wakandaji peke yao kwa sababu kuna wataalamu pia wanaokivuta kiwiko kwa nguvu wakidhani ndo kukisaidia. Hata kifundo tu cha bibi aliyeteleza uani, hogo likifungwa mpaka kwenye vidole badala ya kuishia kwenye mkunjo wa kiganja, vidole ambavyo havikuvunjika vinakakamaa bure.

Sasa tuje kwenye mafunzo yenyewe. Sisemi hayapo kabisa. Yapo, ila yako namna hii: tangazo linakuja kwenye kundi la WhatsApp siku mbili kabla, semina iko Dar, hoteli, ada juu, nauli juu, mkuu wa kitengo anasema nafasi ni moja na anaenda aliyeko kwenye orodha, na aliyeko kwenye orodha mara nyingi sio anayeshika mikono kila siku. Unaenda unakaa kwenye kiti siku mbili unatazama slaidi kwenye projekta, picha za mikono ya watu wengine, chai saa nne, mchana wali, cheti, picha ya pamoja. Hujagusa mgonjwa hata mmoja. Nilihudhuria moja wakufunzi walikuwa wazuri kweli na wanajua, wakatufundisha kutengeneza splinti, yani magango ya kushikilia mkono, za plastiki inayolainika kwenye maji ya moto kama digrii 65 mpaka 70, inakaa mkononi vizuri inapendeza, nikajifunza nikafurahi, nikarudi Tanga hiyo plastiki hakuna. Inaagizwa nje na bei yake ukimtajia mama wa Makorora anaondoka na mkono wake. Tanga tuna msemo, waja leo waondoka leo, na wakufunzi wa mkono ndo hivohivo, wanapita.

Ninachoomba ni mafunzo yaje chumba cha mazoezi chenyewe, hapa mkoani, wagonjwa wetu wakiwa wamekaa, vifaa vikiwa hivi tulivyonavyo. Mkufunzi aje akute hogo, bandeji, mkasi, ndoo ya maji, bomba la PVC, anionyeshe splinti inatokaje hapo. Na inatoka! Hogo ukilifanyia kazi vizuri linatengeneza gango safi kabisa la kulinda kano. Bomba la plastiki likichanwa na kupashwa moto, ukiwa nje kwenye hewa kwa ajili ya moshi wake, linakunjika unavyotaka. Na sio ubunifu wa kimaskini wa kuonea aibu. Daktari Paul Brand alipokuwa Vellore, India, kuanzia mwaka 1946, kati ya wagonjwa wa ukoma ambao vidole vyao vilikuwa vimejikunja, alikuwa ananyoosha vidole vilivyokakamaa kwa hogo jembamba linalobadilishwa kila baada ya siku chache, kila likibadilishwa kidole kimenyooka kidogo zaidi, na njia hiyo ikaenda mpaka Marekani na mpaka leo wataalamu wakubwa wa mkono wanaitumia. Ilitoka kwenye hospitali ya watu wasio na kitu. Ukoma na sisi bado tunao nchini, na hogo tunalo, kilichokosekana ni wa kutushika mkono tujifunze kulitumia.

Mafunzo hayo yatukutanishe sisi na daktari wa upasuaji chumba kimoja. Siku hizi kuna njia ya kushona mkono mgonjwa akiwa macho, ganzi inachomwa mahali penyewe ikiwa na adrenalini ya kuzuia damu, bila nusu kaputi na bila kamba ya kubana mkono, ameieneza sana daktari Don Lalonde wa Kanada. Daktari akimaliza kushona anamwambia mgonjwa kunja kidole, anakunja palepale mezani, kila mtu anaona kano inateleza au inakwama na mshono unahimili au unaachia. Kwa mikoa yenye wataalamu wachache wa usingizi hii ni nafuu kubwa. Na kwa sisi ni darasa ambalo hakuna slaidi itakayolifikia, mtu wa mazoezi asimame thieta aone mwenyewe mshono wa mgonjwa atakayempokea kesho. Nimewahi kuruhusiwa kusimama hivyo na daktari mmoja mwema sana, na huyo mgonjwa nilimfanyia kazi kwa ujasiri ambao sikuwahi kuwa nao.

Tufundishwe pia kupima, naliweka hili wazi kwa sababu tunalidharau. Goniomita ni kipande cha plastiki cha kupimia pembe ya kiungo, haina gharama ya kutisha, lakini mafaili mengi yameandikwa "anaendelea vizuri". Vizuri vipi? Kidole kilikunja digrii 40 wiki iliyopita, leo 55, hapo nimekuelewa. Leo 40 ileile, basi tubadilishe kitu. Na kuna dodoso linaitwa DASH, maswali 30 kuhusu shughuli za mkono, linatumika dunia nzima na ni zuri, ila ndani yake utakuta mifano ya gofu na tenisi. Bi mkubwa wa Pangani utamuuliza tenisi? Yeye mwenyewe alinieleza, mwanangu, kukuna nazi nakuna kwa tabu, kukamua tui siwezi, na kanga nafungwa na mjukuu. Nilihangaika na huo mkono mpaka akakamua tui, hicho ndo kipimo nilichoandika kwenye faili pamoja na digrii zake. Wataalamu wa Tanga wakikaa pamoja na mkufunzi wanaweza kutengeneza maswali yao ya namna hiyo kwa Kiswahili: kutawadha, kula ugali, kushika breki ya pikipiki, kupiga kasia, kufunga mzigo wa singa. Mafunzo yenyewe yawe kwa Kiswahili, manake mjadala unachangamka na nesi na mtu wa hogo nao wanachangia, tofauti na pale ambapo watu wanatingisha vichwa tu.

Wenzetu wamelipa uzito. Marekani ukitaka kuitwa mtaalamu wa mkono mwenye cheti lazima uwe umefanya kazi si chini ya miaka 3, saa 4,000 za kushika wagonjwa wa mkono, ufanye mtihani, na kila baada ya miaka 5 uonyeshe umeendelea kujifunza. Hata mbali hivyo tusiende, Afrika Kusini Chuo Kikuu cha Pretoria kinatoa stashahada ya uzamili ya tiba ya mkono. Sidai Tanga ipate hayo kesho. Ila Moshi ni jirani yetu, barabara ya lami moja kwa moja kupita Korogwe na Mombo, na pale hospitali ya KCMC wanafundisha fiziotherapia, wanafundisha tiba kazi, na kuna chuo cha TATCOT cha watengeneza vifaa vya viungo bandia na splinti. Tunaomba mpango wa wakufunzi kutoka huko kuja mikoani, wakae wiki nzima sio siku moja, afu warudi baada ya miezi kadhaa kuwaona walewale wagonjwa wamefikia wapi. Katikati ya hapo tuwe na kikao cha kesi kwa simu, picha na vidio vya mkono kwa ruhusa ya mgonjwa, bando hospitali igharamie maana mshahara wetu huu mnaujua. Na watu wa tiba kazi waajiriwe zaidi, wao ndo wanaomrudisha mtu kwenye shughuli yake na mikoani ni wachache sana.

Mtasema hela. Hela naiona mahali pawili. Kwanza ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao sheria yake imetaja huduma za utengamao, yani za kumrudishia mtu uwezo wake, kuwa moja ya mafao ya aliyeumia kazini. Utengamao wa mkono hauwezi kutolewa na mtu asiyejua mkono, kwa hiyo kumfundisha mtaalamu wa Tanga ni sehemu ya fao hilohilo, na ni nafuu kuliko kumlipa kijana wa miaka 24 fidia ya ulemavu wa kudumu kwa kidole ambacho kingepona. Pili ni wenye mashamba na viwanda. Mkonge umeifanya Tanga ijulikane duniani tangu miche ya mkonge aliyoileta Mjerumani Hindorf mwaka 1893, na waliochambua huo mkonge ni watu wa vidole. Shamba likichangia wiki moja ya mafunzo kwa mwaka linamrudisha mchambuaji wake mzoefu kazini badala ya kutafuta mwingine. Na mabaraza yanayosimamia taaluma zetu yahesabu pointi za mafunzo kwa kazi inayofanyika chumba cha mazoezi na kwenye kikao cha kesi, sio kwa vyeti vya hotelini tu, maana mtu anafuata pale pointi zilipo.

Sisi wenyewe hatujakaa. Tuko wachache kutoka vituo tofauti vya mjini hapa na Muheza, tunakutana siku ya mapumziko, kila mmoja analeta mgonjwa mmoja mwenye mkono mgumu na tunamwangalia pamoja, tunabishana, tunatengeneza splinti ya hogo, mgonjwa anaondoka nayo. Bila posho. Tumejifunza mengi kwa njia hiyo, lakini tumefika mahali tunabishana kitu ambacho wote hatukijui kwa uhakika, na hapo tunahitaji anayejua.

Na wakati hayo ya bajeti yanasubiri, naomba madaktari wa upasuaji wote wanaosoma gazeti hili, kwenye karatasi ya rufaa ya mkono muandike kano ipi imeshonwa, mahali gani pa kidole au kiganja, nyuzi ngapi, kama neva imeguswa, na tarehe. Na mtupe namba ya simu inayopokelewa. Muda wake ni dakika mbili na hauhitaji kibali cha mtu, unaweza kuanza kwenye rufaa ya Jumatatu.

Mtaalamu wa fiziotherapia,
Chumbageni, Tanga